Mkono Mwekundu

Mahgul alimpasua Yawar Butt juu ya nyusi kabla hata hajalijua jina lake. Alimpiga kwa kijiko kikubwa cha chuma, kile cha kuchotea manjano, mchana kweupe katikati ya Soko la Akbari mjini Lahore, na damu ikamchuruzika yule bwana hadi kwenye kola ya kamizi yake nyeupe iliyonyooshwa kama ya bwana harusi.

Walikuwa wameanza vizuri tu, kwa kugombana. Mwenye duka alibakiwa na gunia moja la udongo mwekundu, ule laini usio na mchanga, na wote wawili walikuwa wamelikamata, huyu upande huu, yule upande ule.

"Dada, gunia zima la nini? Unajenga nyumba?"

"Na wewe? Ndicho chakula chako?"

"Ndicho kitanda changu," akacheka. "Tunaumwaga kiwanjani, tunauchanganya na mafuta ya haradali na maziwa mgando, halafu tunapigana mieleka juu yake. Ngozi inaupenda."

"Mimi nausaga, nauchuja, natoa rangi."

"Ya kuchora nini?"

"Hayo hayakuhusu, baba."

Alikuwa mwanamume mpana wa kuziba mlango, na masikio yake yote mawili yalikuwa yamepondeka kwa miaka ya kusuguana na vichwa vya wenzake, yamejikunja kama maandazi yaliyokaliwa. Mahgul alikuwa mwembamba, mwenye mashavu ya juu na macho membamba ya Wahazara, shali nyeusi kichwani, vidole vimejaa madoa ya wino. Mwenye duka alikuwa ndiyo kwanza anafungua kinywa awaamue, tairi la lori la vitunguu likapasuka nje.

Watu walishtuka, wakatukana, wakacheka. Mahgul hakucheka. Alikuwa tayari chini ya meza ya viungo, magoti kifuani, meno yanagongana, pua imejaa harufu ya nywele zinazoungua ambayo hakuna mwingine sokoni aliyeisikia. Yawar akainama, akamgusa bega amwinue. Ndipo kijiko kilipofanya kazi yake.

Mtu mwingine angempiga au angekwenda zake. Yawar alichuchumaa mbali kidogo, mikono wazi juu ya magoti, damu inadondoka kwenye vumbi la pilipili.

"Ni tairi, dada. Tairi tu. Dereva anatukanwa sasa hivi, msikilize. Umesikia? Amemtajia mama yake. Sasa amemtajia na bibi yake."

Mahgul alisikiliza. Kweli, ilikuwa sauti ya mtu wa Lahore anayetukana kwa moyo wake wote. Akatoka chini ya meza, uso umempauka.

"Nisamehe. Nimekuumiza."

"Nimepigana na majitu ya Gujranwala, nimepigana na majitu ya Multan, hakuna aliyewahi kunitoa damu kwa pigo moja. Niambie jina lako nikawaonye wenzangu. Wewe ni wa Gilgit?"

"Quetta."

Yawar hakuuliza tena. Mtu akikuambia ni Mhazara wa Quetta, ambako watu wa kabila lake hulipuliwa kwa mabomu, na ameingia chini ya meza kwa sababu ya tairi, huna cha kuuliza. Alimwachia gunia lote, akalibeba mwenyewe begani hadi kwenye riksho, na kabla riksho haijaondoka alikuwa ameshapata namba ya simu, kwa madai kwamba kidonda kikioza lazima ajue wa kumdai.

Kidonda hakikuoza, lakini simu zilianza siku ile ile.

"Haloo, muuaji."

"Umekufa?"

"Nakaribia. Daktari anasema dawa ni lasi baridi ya maziwa mgando, na lazima inywewe mbele ya aliyenijeruhi."

"Daktari gani huyo?"

"Mimi mwenyewe. Nimefungua zahanati asubuhi."

Akacheka peke yake chumbani, halafu akashangaa kusikia kicheko chake. Alikuwa amepanga juu ghorofani kwa mjane mmoja wa Krishan Nagar, chumba chenye dirisha moja na kioo kirefu alichouziwa na fundi cherehani aliyefunga duka. Mbele ya kioo kile ndipo alipofanyia kazi. Alikaa sakafuni bila nguo, ubao magotini, karatasi nzito aliyoigandisha mwenyewe kwa uji wa ngano, brashi ya manyoya ya kindi iliyochongoka kama sindano, akauchora mwili wake. Si kama ungekuwa, kama ulivyo. Mgongo wenye makovu yaliyopanda na kushuka kama vilima vya kwao. Ubavu ulioshonwa vibaya. Paja ambamo vyuma viliingia na vingine havijatoka. Kila mstari aliuvuta akiwa amebana pumzi, mwembamba, mweusi, bila kurudia, kwa sababu mstari uliorudiwa ni mstari wa uongo. Rangi hakuwahi kuitia juu ya ngozi yake. Alikuwa akiiweka kwa jambo jingine, nalo hakuwa amemwambia mtu.

Yawar alimpenda waziwazi, kama alivyofanya kila kitu. Alimpeleka kula nihari, mchuzi mkali wa nyama, asubuhi mapema hadi jasho likawatoka puani. Alimfundisha kumkamata mtu mguu wa nyuma akamwangusha. Alijivunia kila kidonda chake mwilini kama mtu anayeonyesha vyeti.

"Hili bega lilichomoka Sialkot. Na wewe? Nionyeshe makovu yako."

"Utayaona kwenye maonyesho ya michoro yangu, kama watu wengine."

"Mimi ni watu wengine?"

"Wewe ni zaidi, ndiyo maana naogopa."

"Malkia wangu, unaniogopa mimi?"

Alimwogopa kwa sababu moja. Siku moja, wamepanda riksho kwenye foleni pale Lango la Bhati, dereva wa riksho nyingine aliwapita akapiga kelele, "We macho finyu, unaona barabara kweli?" Yawar alimchomoa yule mtu kitini kama unavyochomoa kiazi, akampigiza kwenye ukuta mpaka kofia ikaruka.

"Sijakuomba," Mahgul alimwambia.

"Ni heshima yako niliyoitetea!"

"Ni hasira yako uliyoilisha. Heshima yangu ilikuwa imekaa salama tu ndani ya riksho."

Yawar alicheka, akambusu vidole vyenye wino, akaahidi. Ahadi za wapenzi ndivyo zilivyo, hutolewa kirahisi siku ambayo hazijaguswa.

Maonyesho yalifunguliwa jioni ya baridi, kwenye nyumba ya sanaa huko Gulberg, taa nyeupe, watu wa manukato, glasi za chai ya waridi mikononi. Mahgul alivaa kamizi ya rangi ya majivu yenye nakshi za kwao kifuani, alizozitia mama yake. Yawar aliingia na shalwar kamizi iliyokauka kwa wanga, kizibao cheusi, kiatu kinang'aa, na ua la jasmini kwenye kifundo cha mkono kama kijana wa miaka kumi na minane.

Alianza na michoro midogo. Alisimama mbele ya mgongo ule muda mrefu, na machozi yakamlengalenga. Watu wa mieleka wanaujua mwili. Aliona jinsi mstari mmoja ulivyoanzia shingoni ukateremka hadi nyonga bila kuogopa, ukipita juu ya kila kovu kama kidole. Aliona aibu kwa kuwa aliwahi kumwonyesha bega lake la Sialkot.

Kisha akafika kwenye mchoro mkubwa.

Alikuwa ni Mahgul yule yule, amelala chali, uchi, mistari tu, mweupe kama karatasi. Lakini mguuni, kwenye kifundo, palikuwa na mkono wa mwanamume. Mkono ule ulipakwa rangi kwa subira ya kutisha, tabaka juu ya tabaka la udongo mwekundu, hadi ukaonekana una joto. Mishipa imetuna. Kucha zina uchafu. Kidole cha mwisho kimepinda, na kingine kina pete ya fedha yenye jiwe la akiki. Ulimbana kama usiotaka kumwachia. Ulikatikia kwenye kifundo cha mkono, na zaidi ya hapo hapakuwa na kitu.

Nyuma ya Yawar, bwana mmoja mwenye miwani alimnong'oneza mwenzake, si kwa sauti ya chini vya kutosha, "Huyu mwenye mkono amebahatika. Bila shaka na sehemu nyingine zake zilikuwapo."

Ngumi ya Yawar ilimkuta kinywani. Glasi zilivunjika, mwanamke akapiga yowe, jino likateleza sakafuni. Yawar hakumtazama hata mara ya pili. Alikuwa ameshamgeukia Mahgul.

"Mkono wa nani?"

Mahgul alifungua kinywa. Maneno hayakuwapo. Hayakuwahi kuwapo, ndiyo maana alichora.

"Nimekuuliza, mkono wa nani? Mimi hujawahi kunionyesha hata goti, na mwanamume mwingine umemtundika ukutani watu wamtazame amekushika uchi! Sema!"

"Yawar, acha."

"Ana pete! Ni mumeo? Sema!"

Alipoona hasemi, aliurukia ukuta. Aliing'oa ile fremu, akaipiga gotini, kioo kikamkata viganja, akaitoa karatasi akaipasua katikati, kisha tena, damu yake mwenyewe ikilowesha vipande. Ilikuwa kazi ya majira matatu ya mwaka. Walinzi walipomfikia alikuwa amesimama anahema, na Mahgul amepiga magoti, anaokota.

"Toka," alisema bila kuinua kichwa. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Toka, Yawar."

Kesho yake asubuhi wanamieleka walikuwa wamejipaka udongo, wengine wamekwishashikana, pale kiwanjani nyuma ya Lango la Taxali, wakati mwanamke mwenye shali nyeusi alipoingia na viatu vyake akakanyaga katikati ya ulingo. Kocha mzee alikuja mbio.

"Binti, binti! Wanawake hawakanyagi hapa!"

"Leo wanakanyaga."

Yawar alikuwa amekaa ukutani, viganja vimefungwa bandeji. Alisimama. Mahgul alimfuata hadi wakawa uso kwa uso, na akazungumza ili wote wasikie, maana kama angesema polepole asingemaliza.

"Uliuliza mkono wa nani. Wa kaka yangu, Barat. Tulikwenda kununua matunda ya sikukuu ya Nauruzi. Bomu la kwanza lilinirusha ndani ya duka, mlango ukanilalia kifuani, nguo zangu zikashika moto. Yeye hakuguswa. Alikuwa ng'ambo ya barabara, mzima, na watu wote wanakimbilia mbali. Yeye akakimbilia kwangu. Aliuzima moto kwa viganja. Mabega hakuweza kuyafikia, akanishika kifundo cha mguu anivute. Akaniambia, 'Usilie, nimekushika.' Likapasuka la pili."

Mtu mmoja miongoni mwa wanamieleka alianza kusema jina la Mungu.

"Nilipozinduka alikuwa bado amenishika. Mkono. Mkono tu, Yawar, kwingine kote hakuwapo. Ulinibana vile vile. Hospitali walivifungua vidole kimoja kimoja. Ulivionea wivu vidole hivyo. Umepigana na maiti, ukamshinda. Haya, pongezi."

Akavitupa vipande kifuani pake. Vikaanguka juu ya udongo mwekundu, na Mahgul akageuka akaondoka, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kumzuia.

Mchana ule polisi walimchukua Yawar. Yule bwana aliyeng'olewa jino alikuwa na ndugu wenye vyeo. Mahgul alisikia kwa mjane, ambaye husikia kila kitu, kwamba walimchapa kwa mikanda kituoni na kwamba alimkataza mjomba wake asimwombee. Baadaye akasikia ameachiwa. Baadaye akasikia hayupo Lahore. Simu yake ilikuwa imezimwa. Mahgul alijua kwa kuwa aliipiga, akiwa na matusi tayari mdomoni, halafu akalia kwa kukosa wa kumtukana. Alimchukia. Alimkosa. Mambo haya mawili yalilala naye kitanda kimoja, yakivutana shuka.

Ilikuwa saa ya chai siku ya Ijumaa, simu ikalia. Mama yake, Bibi Nekbakht, kutoka Quetta.

"Mahgul, kuna mtu hapa ananililia ndani ya supu."

"Mtu gani, mama?"

"Lijitu. Masikio yake mabovu. Bakuli la tatu hili, tambi zimekwisha, na bado analia."

Mahgul alikaa kitako sakafuni.

"Amefikaje huko?"

"Kwa basi. Mpunjabi mzima wa Lahore, kwenye barabara ile, siku hizi ambapo watu wanashushwa wanaulizwa vitambulisho, na Wapunjabi wanapigwa risasi! Tena hayo si kitu. Alifika mtaani kwetu akaanza kuulizia nyumba ya marehemu Barat. Jitu geni, begi mgongoni. Unadhani vijana wanaolinda geti la mtaa walimfikiria nini?"

"Mungu wangu. Walimpiga?"

"Walimpiga? Walimponda! Kwa fito, kwa mateke, kwa kitako cha bunduki. Walidhani ana bomu. Uso umevimba kama boga, mbavu sijui ngapi. Na mmoja wao, mwana wa Ewaz, ananiambia, 'Bibi, lile jitu lingeweza kutuvunja wote, lakini liliweka mikono nyuma ya kichwa, linasema tu jina la Mahgul.' Walipofungua begi wakakuta vipande vya karatasi."

Mahgul aliishika simu kwa mikono miwili.

"Akaniletea," mama yake aliendelea, na sauti ikabadilika. "Ameviunganisha vibaya, kwa gundi ya shule. Akapiga magoti hapa mlangoni akasema, 'Mama, nimeuchana mkono wa mwanao, nimekuja uniadhibu.' Nikatazama. Mahgul, nilikijua kile kidole. Alikivunja kwenye mlango wa kabati akiwa na miaka sita. Nilimfunga mimi mwenyewe kwa kijiti."

"Mama..."

"Nikamzaba kofi, upande ambao vijana waliusahau. Halafu nikamuuliza, mkono huu unafanya nini mguuni kwa binti yangu? Naye maskini alidhani najua. Akanieleza."

Hasira zikampanda Mahgul. "Nani alimpa ruhusa? Haikuwa yake kuisema!"

"Kweli, ilikuwa yako. Na mbona hukuisema? Mimi nilipewa jeneza lililopigiliwa misumari. Nimelala nalo kichwani, nikidhani mwanangu alikufa peke yake anakimbia, anaita mama. Kwa nini, Mahgul?"

Kupitia simu Mahgul alisikia kijiko kikigonga bakuli, kisha kikiwekwa chini.

"Kwa sababu alikuwa amesalimika," alisema hatimaye. "Alikuwa mzima, mama. Alirudi kwa ajili yangu. Niliogopa ukijua, kila utakaponitazama utamhesabu yeye uliyempoteza kwa ajili yangu."

"Na ungetaka niwe nimezaa mtoto asiyerudi kwa dada yake?"

Mahgul alilia hadi mjane akapanda ngazi kuuliza nani amekufa.

Alikwenda Quetta, mara ya kwanza tangu alipotoka hospitali. Alifika asubuhi, theluji juu ya vilele, vijana wa getini wakimwinamia kwa aibu. Mama yake alimkamata uso kwa mikono miwili, akamtazama muda mrefu, na Mahgul akatazama naye, akaona kwamba hakuna anayehesabiwa machoni mwake. Walikwenda makaburini pamoja, wakakaa, wakamwambia Barat habari zote.

Yawar alikuwa uani, amekaa juani juu ya zulia, kifua kimefungwa kitambaa. Jicho moja lilikuwa limefunguka, jingine bado. Alipomwona alijaribu kusimama, maumivu yakamrudisha chini.

"Usiinuke. Umekuwa mbaya sana," Mahgul alisema.

"Nilikuwa mzuri?"

"Hapana."

Alikaa ng'ambo ya zulia. Kuku wa mama yake walipita katikati yao.

"Sikuja ili unisamehe," Yawar alisema. "Nilikuja kwa sababu yake yeye. Mwanamume aliyekimbilia moto, na mimi nikamchana kama bili ya umeme. Nimekaa selo nikawaza, huyo ndiye niliyepaswa kumwomba posa. Angeniambia nini?"

"Angekutupa nje."

"Nilidhani hivyo."

"Halafu angekuita ndani mpige karata. Hakuwa na subira ya kununa." Akavuta shali. "Mimi ninayo. Nisikilize, Yawar. Nitauchora mwili wangu mpaka uzeeke, unyauke, meno yang'oke. Nitautundika ninapotaka. Watu watasema upuuzi. Siku utakayomnyanyulia mkono mtu yeyote kwa jina langu, au utakayogusa karatasi yangu kwa hasira, nitaondoka, na sitakuja kukueleza kiwanjani mbele ya watu. Nitaondoka tu."

"Nimesikia."

"Wale wa getini, kwa nini hukuwapiga?"

Alifikiri. Mdomo uliovimba ulimchelewesha. "Walikuwa wanailinda mitaa ya mama yako. Nilifurahi kuona wanapiga kwa nguvu."

Mahgul alimtazama yule mtu aliyepondwa, rangi zake zote, zambarau, kijani, manjano ya kidonda kinachopona, na kwa mara ya kwanza hakumwogopa.

"Nisogezee mkono," alisema.

Aliusogeza juu ya zulia, kiganja juu, makovu ya kioo bado mekundu. Mahgul aliweka wake juu yake. Ulikuwa mkono mzito, una joto, na uliunganika na mtu mzima.

"Nikuoe?" Yawar aliuliza kwa sauti ya chini, kama anayeogopa kumwamsha mtu.

"Kamwambie mama akamwite shehe."

Dirisha la jikoni lilifunguka kwa kishindo. Mahgul aliruka, lakini hakwenda chini ya kitu chochote.

"Shehe yuko sebuleni tangu saa mbili!" Bibi Nekbakht akapiga kelele. "Chai yake imeshapoa mara mbili! Mtaingia au mtakaa hapo mpaka na huyo naye alie?"